Taa ya Njano Mpaka Kalenga

Wenzangu wa jumuiya, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, nje ya kanisa, sokoni, hata kwenye simu: ilikuwaje safari ya kutoka hapa Uyole mpaka Iringa, ambayo basi huimaliza mchana wa siku moja, ikatushinda sisi namna ile? Nimekuwa nikijibu kwa mkato, "Gari lilitusumbua." Nilikuwa nimechoka. Bado nimechoka, lakini naona heri niseme mara moja yote, nisiendelee kukatakata maneno.

Mnajua kwamba Mama Mkubwa Skolastika, dada yake mama, alikuwa anaumwa huko kwake Kalenga, na kila akizinduka alikuwa akimwita mama. Mnajua pia kwamba mama, tangu avunjike nyonga, hawezi kukaa kwenye kiti cha basi. Kinachomfaa ni kile kigari changu, kwa kuwa viti vyake vya nyuma vinalala, mtu akatandika godoro.

Msichojua ni habari ya injini. Mdogo wangu Gwakisa, ambaye ni fundi, alikuwa ameifungua yote mwanzoni mwa mwaka kwa sababu ilikuwa inakula oili. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza ya peke yake. Aliirudisha, ikaunguruma vizuri, nikafurahi. Halafu ikaja taa ya njano kwenye dashibodi. Mashine ya kupimia ikasema kosa liko kwenye taimingi ya kamshafti. Kwa nilivyoelewa mimi fundi cherehani, kamshafti ni chuma kirefu kinachozunguka juu ya injini, kikifungua na kufunga njia za hewa na moshi. Kikifungua kwa wakati wake, gari linavuta. Kikichelewa, gari linakuwa kama mwimbaji anayefuata wenzake kwa nyuma. Gwakisa alikuwa amekwisha kufungua, akapanga upya, akabadilisha sensa, kile kifaa kidogo kinachopima mzunguko wake, taa ikazima. Baada ya muda ikarudi. Akafungua tena, ikazima, ikarudi.

"Safari hii limepona, dada," aliniambia jioni kabla ya kuondoka.

Nilimwamini kwa sababu nilikuwa sina gari lingine.

Uyole mpaka Chimala

Tuliondoka na baridi ile ya asubuhi, Gwakisa kwenye usukani, mimi pembeni yake, mama amelala nyuma juu ya godoro, amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Miguuni pake tulipanga mchele wa Kyela na parachichi, zawadi za dada yake. Tulishuka mteremko wa Inyala nyuma ya malori, taratibu, na gari lilikuwa kimya kama limejazwa pamba. Nilianza kumsifu Gwakisa moyoni.

Tulipofika tambarare ya Usangu jua lilikuwa limeshapanda. Karibu na Chimala, Gwakisa alikanyaga mafuta ili apite lori la mbao. Gari likakohoa. Ile taa ikawaka. Tukarudi nyuma ya lori tukiwa tunatetemeka wote, gari na abiria.

"Limerudi?" mama aliuliza kutoka nyuma.

Gwakisa aliegesha chini ya mti kando ya barabara na kufungua boneti. Nilishuka, nikafungua mlango wa nyuma ili mama apate hewa. Palikuwa na kina mama wanauza mahindi ya kuchoma. Walituangalia, wakaangalia blanketi, wakanong'onezana. Mmoja akaacha jiko lake akaja, amejifunga kanga kiunoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana mwenzangu. Mnampeleka wapi kumpumzisha?"

Kabla sijaelewa, mama akatoa kichwa. "Naomba hindi. Lisiwe limeungua."

Yule mama alipiga yowe, wenzake wakapiga yowe, halafu wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Walikataa tuondoke bila kula. Mama alikula hindi akiwa amelala, akalalamika kuwa ni gumu, akaomba jingine.

Wakati huo Kaka Fidelis alipiga simu kutoka Kalenga. Fidelis ni mtoto wa Mama Mkubwa, ndiye anayemuuguza. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Nilimsikia akiuliza, "Mmefika wapi?" na kitu kingine ambacho sikukishika. Nikapaza sauti: "Imekufa, kaka! Imekufa hapa Chimala, tunahangaika nayo!" Simu ikakatika, na muda si mrefu chaji ikaisha. Sikuhangaika. Nilijua ujumbe umefika.

Chimala mpaka Makambako

Injini ilipopoa, Gwakisa aliiwasha na taa haikuwepo. Hili ndilo lililokuwa linamtesa. Gari likipumzika linapona, kama vile halijawahi kuumwa. Tulivuka Igawa vizuri, lakini tulipoanza kupanda kuelekea Makambako, taa ikawaka tena na gari likapoteza nguvu. Tulipanda kwa gia ya kwanza. Malori yalitupita yakipiga honi. Mwendesha baiskeli mmoja aliyebeba mkaa alikwenda nasi sambamba kwa muda, akatusalimia, tukamsalimia.

Nilimwona Gwakisa anasogeza midomo, anahesabu kichwani meno ya cheni ya taimingi, ile inayozungusha kamshafti. Alikuwa na hakika kwamba alikosea kupanga alama siku ile alipofunga injini. Mtu akikosea jino moja tu, aliniambia baadaye, kamshafti inapishana na wenzake maisha yake yote.

Makambako tuliingia upepo unavuma ule wa kukata masikio. Tulipata nyumba ya wageni yenye chumba cha chini, tukamwingiza mama. Nikachomeka simu kwenye umeme, nikaenda kutafuta ugali. Nilirudi na sahani nikakuta simu inaita. Alikuwa Kaka Fidelis, na sauti yake ilikuwa imepasuka.

"Dada yangu Tumpe, kwa nini mmezima simu? Tumekaa hapa, hatujui la kufanya. Mmemhifadhi wapi?"

"Kumhifadhi nani?"

"Mama mdogo! Si umesema amekufa hapo Chimala?"

Nilimweleza ni gari, kaka, ni injini iliyokufa. Hakuniamini. Alidhani nampoza. Nyuma yake nilisikia watu wanaimba. Majirani walikuwa wameshakusanyika, benchi zimeshatolewa nje. Ikabidi nimpe mama simu.

"Fidelisi," mama alisema, akamsalimia kwa Kihehe, "kamwene. Mimi mzima. Nimeletewa nyama ngumu hapa Makambako, ndiyo shida yangu."

Nikasikia Fidelis analia kama mtoto. Mama akamsubiri amalize.

"Dada yangu mmemwambia?" aliuliza.

Hawakuwa wamemwambia. Waliogopa. Mama alishusha pumzi ndefu. Kisha akauliza kama anaweza kuongea naye, na Fidelis akapeleka simu kitandani. Waliongea Kihehe, sauti ya kule ikiwa nyembamba, mama akicheka na kufuta macho kwa upindo wa kitenge. Sikuelewa mengi. Mama hakutufundisha Kihehe vizuri, na Kinyakyusa cha baba ndicho kilichotushika.

Fidelis aliporudi kwenye simu alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki. "Nitatafuta gari nije niwachukue. Huyo Gwakisa aache kumjaribia mama mdogo ufundi wake."

Gwakisa alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno.

Makambako mpaka Mafinga

Asubuhi Gwakisa aliniomba jambo moja: tumkatalie Fidelis mpaka tufike Mafinga. "Nipe Mafinga tu, dada. Nikishindwa, aje." Nilimpigia Fidelis nikamwambia hivyo. Hakupenda, lakini alikubali, kwa sababu gari alilotaka kuazima lilikuwa bado halijapatikana.

Kabla ya kuondoka tulipitia kwa fundi mmoja wa Makambako mwenye mashine ya kupimia. Alichomeka, akasoma, akasema bila kusita: sensa ya kamshafti. Gwakisa alimwambia sensa imeshabadilishwa. Fundi akasema basi ile ilikuwa feki. Tukabadilisha. Taa ikazima, mama akasema "Asante Mungu," na tukaingia barabarani tukiwa na matumaini mapya ambayo sasa nayaonea aibu.

Taa ilirudi kwenye kilima cha baada ya Nyororo. Gwakisa alipiga usukani kwa kiganja, mara moja. Tulikwenda hivyohivyo katikati ya misitu ya misonobari, kilima kwa kilima, tukisimama kulipumzisha. Kwenye kituo kimoja mama alitaka kwenda haja. Kumtoa mtu mwenye nyonga mbovu kwenye godoro, kumsimamisha, kumshika, kumrudisha, ni kazi ya watu wawili na subira ya watu kumi. Tulipomaliza tulikuwa tumelowa jasho kwenye baridi. Mama akasema tumsamehe. Hilo ndilo lililonivunja nguvu kuliko taa.

Mafinga

Gereji tuliyoipata ilikuwa nyuma ya yadi ya mbao, ya mzee mmoja anayeitwa Fundi Sanga. Mkewe alimchukua mama ndani, akamlaza kwenye kochi karibu na jiko la mkaa, wakaanza kuulizana ukoo. Nilimsikia mama anaanza kusinzia katikati ya jibu.

Fundi Sanga alimsikiliza Gwakisa mpaka mwisho. "Unadhani ni alama za cheni?"

"Nadhani nilikosea."

"Basi tufungue tuone, ukae na uhakika."

Walifungua mbele ya injini. Ilikula mchana wote. Nilikaa kwenye gogo nikiangalia vyuma vinavyotolewa na kupangwa juu ya gunia. Hatimaye Fundi Sanga akamwita Gwakisa na kumulika tochi. Waliinama wote wawili.

"Hii hapa, hii hapa, na hii hapa," Sanga alisema. "Zimekaa sawa kabisa. Hukukosea."

Ningetegemea mdogo wangu afurahi. Alikaa chini akaegemea gurudumu, mikono imejaa oili, macho yamemjaa maji. Miezi yote alikuwa analijua kosa lake. Sasa hakuwa na kosa, na gari bado lilikuwa linaumwa.

Mke wa Sanga alituletea kande. Mimi, kwa uchovu tu wa kutaka kusema kitu, nikauliza, "Kwa nini likilala linapona?"

"Linapoa, dada."

"Lakini kitu gani kinabadilika likipoa? Vyuma si vilevile?"

Akaendelea kutafuna. Kisha akaacha kutafuna.

"Oili," alisema. "Ukizima, oili inashuka chini." Aliweka sahani. "Fundi! Oili inashuka, na kilichobebwa na oili kinashuka nayo."

Alirudi kwenye gari bila kunawa. Alinieleza huku anafungua. Kwenye injini hizi, oili ndiyo inayoisukuma kamshafti isogee kidogo mbele au nyuma kulingana na mwendo, na kabla ya kufika huko inapita kwenye kichujio kidogo sana, kama ncha ya kidole. Alikitoa, akakiweka kwenye kiganja, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa kimefunikwa na vipande vya kitu laini cha kijivu, kama maganda ya kitunguu.

Fundi Sanga alikigusa. "Silikoni."

"Ni yangu," Gwakisa alisema.

Ni ile gundi wanayopaka mafundi kati ya chuma na chuma ili oili isivuje. Alikuwa ameipaka nyingi kwa sababu aliogopa gari langu livuje. Iliyozidi ilibanwa ikaingia ndani, ikakauka, ikakatika vipande. Tukipanda mlima, oili inavisukuma, vinaziba kichujio, kamshafti inachelewa, taa inawaka. Tukizima, vinaanguka, kila kitu kinaonekana kizima. Ndiyo maana kila alipofungua na kufunga tena, taa ilizima kwa muda, naye akaamini ameponya.

"Ukitoa hivi tu umejidanganya," Fundi Sanga alisema. "Vingine viko chini vinasubiri." Kwa hiyo ilibidi wateremshe sampo, ile karai ya chini inayotunza oili, wasafishe kila kitu na kumwaga oili yote. Kazi hiyo iliingia mpaka kesho yake. Tulilala kwa Sanga. Nilimpigia Fidelis kumwambia tumepata ugonjwa wenyewe. Alisema, "Sawa." Kisha akasema mama yake alikuwa ameuliza mara tatu kama mdogo wake yuko mlangoni.

Mafinga mpaka Mlandege

Tuliondoka Mafinga Gwakisa akiwa hajalala vizuri. Nilikuwa naangalia dashibodi kuliko barabara. Ifunda ikapita. Vilima vikapita. Tulipofika Ipogolo, ambapo barabara inakunja kupanda kwenda mjini Iringa, mwinuko ule wenye makona, nilishika mkono wa mlango. Gwakisa akakanyaga. Gari lilipanda tu. Lilipita daladala, likapita lori la saruji, na dashibodi ilikuwa nyeusi. Hatukupiga makofi. Tulikuwa kama watu waliokwisha kuaibishwa na furaha.

Mama alitaka tusimame Mlandege anunue ugoro. Dada yake alikuwa anavuta ugoro tangu usichana, padre alimkanya akashindwa. Nilikuwa naulizia kwenye vibanda simu ilipoita.

"Mko wapi?" Fidelis aliuliza.

"Mlandege, kaka. Tunakuja sasa hivi."

"Haya. Mama hasemi tena. Tangu alfajiri. Anapumua, lakini hasemi."

Nilirudi kwenye gari nikamwambia mama, kwa kuwa sikuona namna ya kulificha. Aliangalia dari la gari. Gwakisa alikuwa ameshika usukani na kichwa amekiinamisha.

"Ugoro umepata?" mama aliuliza.

"Bado, mama."

"Nenda kanunue."

Kalenga

Kalenga mashamba yalikuwa yamevunwa, yamebaki mabua. Watu walikuwa wengi nyumbani kwa Fidelis, baadhi wakiwa walewale waliokuja kumlilia mama. Walimwona anashushwa, wakamshangilia na kulia kwa pamoja. Fidelis alimkumbatia mama, akanikumbatia mimi. Kwa Gwakisa alitoa mkono tu.

Mama Mkubwa alikuwa amelala ubavu, mdogo kama binti. Mama hakuweza kukaa kwenye stuli, nyonga ilikataa. Akasema alazwe hapohapo, kitanda kimoja, uso kwa uso na dada yake. Tukamlaza. Alimsemesha kwa Kihehe. Hakukuwa na jibu. Alimsemesha tena. Kisha akafungua kikaratasi cha ugoro, akachukua kidogo kwenye ncha ya kidole, akaupeleka puani kwa dada yake.

Fidelis akasema, "Mama mdogo, jamani!"

Mama Mkubwa akapiga chafya. Akapiga ya pili. Macho yakafunguka, yakatembea mpaka yakampata mama, yakatulia hapo. Midomo ilisogea lakini sauti haikutoka. Mkono wake ulitoka chini ya blanketi ukamshika mama sikio, akalivuta kidogo. Mama alituambia kwamba hivyo ndivyo dada yake alivyokuwa akimwadhibu walipokuwa wanachota maji mtoni.

Mama Mkubwa hakusema tena hata neno. Walikaa kitandani pamoja siku zile zote, mama akiongea kwa niaba ya wote wawili, akiuliza na kujibu.

Siku iliyofuata Gwakisa alinifuata jikoni nje. Alitaka kumwambia mama ukweli: kwamba ile gundi ndiyo iliyomnyima yeye na dada yake maneno. Tungefika siku tuliyopanga, wangeongea. Nilimkataza. Nilimwambia mama ana mzigo wa kutosha. Aliondoka nikadhani ameelewa, kumbe amekwenda moja kwa moja chumbani. Nilimkimbilia nikamkuta amepiga magoti upande wa mama, anaeleza yote: silikoni, kichujio, ile siku ya Mafinga. Hakujitetea popote.

Mama alimsikiliza bila kugeuka, mkono wake ukiwa umeshikwa na dada yake.

"Umeshalitengeneza?"

"Nimelitengeneza, mama."

"Haya. Nenda kalale. Macho yako mekundu."

Mama Mkubwa alifariki asubuhi moja wakati mama anamsimulia jambo. Mama alimaliza kwanza kusimulia, ndipo akatuita.

Kurudi

Tulizika, tukakaa matanga. Mimi na Gwakisa ilibidi turudi kazini, na mama alitaka kubaki mpaka msalaba uwekwe kaburini. Asubuhi ya kuondoka tulimkuta nje amekaa kwa kuegemea mito, anaota jua. Fidelis alikuja kutuaga. Alikuwa mpole sasa, na alisema kwa nia njema kabisa kwamba tusihangaike kurudi. Jirani yake ana gari kubwa, jipya, na mwezi ujao anakwenda Mbeya. Atamchukua mama mdogo alale raha mpaka mlangoni kwake.

"Asante, mwanangu," mama alisema. "Mwache aende zake. Mimi nitamsubiri Gwakisa."

Gwakisa alikuwa anapima oili. Alifuta kile kijiti, akakirudisha, akafunga boneti polepole.

Tulipita mjini, Ipogolo, Ifunda. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha na vifutio vya kioo vilikuwa vinakwaruza. Karibu na Mafinga ndipo akauliza, akiwa anaangalia mbele:

"Dada, alisema atanisubiri mimi?"

"Ndivyo alivyosema."

Makambako tulisimama kula. Alikuwa amekata tonge, akalishika mkononi bila kulipeleka mdomoni, akaniuliza swali lilelile, kama mtu aliyesahau jibu. Nikamjibu tena.